Delmar Tweten na Injini Asiyotaka Kuizima

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya kuwasha taa za watu na kukataa kuzima injini yake mwenyewe, Delmar Tweten, fundi wa dharura wa Ushirika wa Umeme wa Vijijini wa Norby, Montana, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 25 Januari 2019. Aliajiriwa Septemba 1986 akiwa na nywele nyingi na vidole kumi vya miguu. Anaondoka na kipara na vidole vinane, na Ushirika unamshukuru kwa vyote alivyouachia.

Ofisi iliniomba mimi, Renae Fossum, fundi wa gereji, niandike wasifu huu wa kusomwa mbele yenu, kwa kuwa nimetengeneza magari ya Delmar kwa miaka ishirini na minne na walidhani labda ninamfahamu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nami nimeosha mengi. Niliagizwa niandike ukurasa mmoja, uwe wa kuchangamsha, na nisiguse mambo ya ofisi. Kuchangamsha nitajitahidi. Hayo mengine mawili hayatawezekana, maana kuna jambo la kuamuliwa humu kwenye ukumbi wa kanisa kabla sahani hazijaoshwa.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu asubuhi lori la skrepa linakuja kuchukua pikapu namba 7, gari ambalo Delmar ameliendesha tangu mwaka 2005. Jumatatu hiyohiyo asubuhi Ardis, mke wake, anatakiwa kuwa Williston, maili sabini na moja kutoka kwao, kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zake zimechoka. Amekuwa akienda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tangu Agosti. Kati ya nyumba yao na barabara kuu pana maili tisa za changarawe, na kila upepo ukivuma theluji hujaa humo mpaka magotini. Gari lao dogo la nyumbani lilijaribu kupita humo mwezi wa kumi na moja, na trekta la jirani ndilo lililolirudisha. Mpaka leo wamekwenda na namba 7, kwa kuwa fundi wa dharura hulala na gari lake. Kuanzia kesho Delmar si fundi wa dharura.

Basi tuanze na kazi, maana ndiyo iliyotukutanisha.

Delmar alianza kwa kuchimba mashimo ya nguzo, akapanda nguzo, na mwaka 1990 akapewa kazi ya kwenda peke yake popote umeme unapokatika. Eneo lake lilikuwa maili za mraba elfu moja na mia mbili, wateja mia nne, na ng'ombe ambao hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake idadi yao ya kweli. Katika dhoruba ya barafu ya Aprili 2011 nguzo mia tatu na kumi na saba zilianguka. Delmar alikaa siku tisa mfululizo barabarani, akala nyama kavu na mbegu za alizeti, akarudi akiwa amewaunganisha watu wote wa upande wake. Alipoulizwa ilikuwaje, alijibu, "Kulikuwa na utelezi kidogo." Kwa kawaida ya hapa kwetu, hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumlalamikia Delmar kwa maandishi isipokuwa mimi, na mimi nimemlalamikia mara arobaini na moja.

Ili malalamiko yangu yaeleweke, niitambulishe injini. Ni ya dizeli, yenye turbo, silinda nane zilizopangwa nne kwa nne, ujazo wa lita sita, vali thelathini na mbili. Ina nguvu za farasi mia tatu na ishirini na tano, na nguvu ya kuvuta ambayo kwenye karatasi ingetosha kuling'oa kanisa hili pamoja na sisi tuliomo. Inakula oili lita kumi na nne kwa mara moja. Nozeli zake husukumwa na oili hiyohiyo yenye shinikizo kubwa, kwa hiyo oili ikichafuka, nozeli hugoma, na nozeli zikigoma, Delmar hunipigia simu. Ndani ya turbo kuna mabawa madogo yanayojifungua na kujifunga ili injini ipumue vizuri iwe inakwenda kasi au polepole. Walioibuni, ambao sitawataja kwa kuwa tupo kanisani, waliona inatosha kufunga silinda hedi kwa bolti nne kila silinda, mahali ambapo injini iliyoitangulia ilikuwa na sita. Nimefikiri sana kuhusu hizo bolti mbili zilizopungua. Nimezifikiria nikiwa nimelala chali sakafuni, maji ya rejeta yakinidondokea sikioni.

Ni injini nzuri ukiipa kazi. Ivutishe trela la nguzo ikipanda mlima, iwe moto, ikasirike, nayo itakutumikia. Isichopenda ni kukaa inaunguruma bila kwenda popote. Hapo haipati joto la kuchoma dizeli yote, na inayobaki hugeuka masizi. Masizi yanaganda kwenye yale mabawa ya turbo mpaka yanakwama. Mengine yanajaa kwenye kipozea moshi, kifaa kinachopoza sehemu ya moshi kwa maji ya rejeta kabla ya kuurudisha ndani ya injini. Kipozea kikiziba hupasuka, maji huingia kusikotakiwa, shinikizo hupanda, na zile bolti nne husalimu amri. Hayo yote nilimweleza Delmar kwa mara ya kwanza mwaka 2005, nikiwa na kipande cha chaki na ubao. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa, akanishukuru, akatoka nje alikokuwa ameliacha gari likiunguruma.

Sikio la kufa halisikii dawa. Kompyuta ya namba 7 inaonyesha kwamba, katika majira ya baridi kumi na matatu, gari hilo limeunguruma saa elfu kumi na mbili bila tairi kuzunguka. Hiyo ni siku mia tano mchana na usiku. Limeunguruma mbele ya posta, mbele ya benki, mbele ya kanisa hili wakati wa ibada, na mbele ya maziko ya baba mkwe wake mwenyewe, ambapo mchungaji alilazimika kupaza sauti.

Nafahamu kwamba si yeye peke yake. Ukipita barabara kuu ya Norby mwezi wa Januari utakuta pikapu kumi na mbili zinaunguruma zenyewe, funguo ndani, na wenyewe wako mkahawani wakilalamika juu ya bei ya dizeli. Lakini wengine hao huzima ifikapo Machi.

Siku moja ya Desemba, Delmar aliliacha namba 7 likiwaka mbele ya mkahawa, na mbwa wake Pepper akiwa ndani. Pepper alitaka kuona vizuri dirishani, akakanyaga kitufe cha kufunga milango. Gari likaunguruma kwa muda wa saa nne. Niliitwa nilete ufunguo wa akiba kutoka gerejini, nikamkuta Delmar ametulia kabisa mbele ya kipande chake cha pili cha pai ya mabua ya rubarbu.

"Si unaona, Renae," alisema. "Lau ningeizima, Pepper angeganda."

"Delmar, lau ungeizima, ufunguo ungekuwa mfukoni mwako."

Alilitafakari hilo huku akimaliza kahawa. "Hilo nalo ni neno," alisema, akatoka, akampapasa Pepper, akaondoka na gari likiwa bado linawaka.

Kisha kulikuwa na sikukuu ya uhuru wa Marekani, tarehe nne Julai 2009. Kama wengi wetu, Delmar huweka kipande cha boksi mbele ya rejeta msimu wa baridi ili injini isipigwe na upepo. Tofauti ni kwamba sisi wengine hulitoa. Siku hiyo Ushirika ulimpa heshima ya kuvuta trela la gwaride, likiwa limebeba wanakwaya kumi na wanne wa kanisa letu pamoja na piano. Gwaride lilitembea mwendo wa mtu mzima anayesubiri mjukuu. Jua lilikuwa kali. Walipofika mbele ya jukwaa la meya, wingu kubwa jeupe lilitoka chini ya boneti likawafunika waimbaji wote wa sauti ya kwanza. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Delmar aliwapungia vidole viwili juu ya usukani, kama apungiavyo kila mtu, akaendelea mpaka mwisho wa barabara, akanikuta pale.

"Nadhani kuna harufu tamutamu ya maji ya rejeta," alisema.

"Hilo boksi uliliweka lini?"

"Novemba."

"Na leo tarehe ngapi?"

"Nne."

"Nne ya mwezi gani, Delmar?"

Alitazama jua, akatazama boksi, ambalo lilikuwa la friza na bado lilikuwa na picha ya friza. "Haya," alisema, "nimekuelewa." Gasketi zote mbili za silinda hedi zilikuwa zimekwisha. Kuzibadilisha kwenye gari hili inabidi kabini nzima inyanyuliwe juu, kwa sababu walioibuni hawakutarajia kwamba kungetokea mtu wa kuitengeneza. Ilinichukua wiki mbili, na kwaya haijakubali kupanda trela tena.

Ripoti zangu za gereji zipo kwenye faili, na kila mwenye nafasi anaweza kuzisoma. Ripoti ya kumi na mbili inasema: "Turbo imekwama. Nimetoa masizi ya kujaza kopo la kahawa. Dereva anasema gari linapumua vizuri." Ya ishirini na saba inasema: "Panya wamejenga ndani ya chujio la hewa kwa maganda ya alizeti ya dereva. Ni familia ya sita, wote wana afya kuliko injini." Ya thelathini na tatu inahusu kiti. Delmar alikuwa amemkuta ndama aliyezaliwa usiku kwenye shamba la akina Kjos, ameganda masikio, akamweka mahali pa miguu ya abiria na hita ikiwa juu kabisa, akaenda naye kutengeneza umeme sehemu tatu. Ndama alipona. Alidhihirisha kupona kwake juu ya kiti, na juu ya ramani za nyaya za wilaya nzima.

Ni haki niseme pia jambo ambalo Delmar hatalisema. Februari 1994, kabla sijaajiriwa, ofisi ilitoa waraka wa kubana mafuta: kila gari lizimwe linaposimama. Delmar alitii. Alikuwa juu ya nguzo kwa saa mbili, baridi nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, na aliposhuka dizeli ilikuwa imeganda kwenye bomba kama mafuta ya kupikia ya kopo. Alitembea maili nne. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa, na waraka ukaondolewa ubaoni bila mtu yeyote kusema neno. Yeye aliniambia mara moja tu, mwaka wangu wa kwanza, nilipomuuliza kwa nini hazimi. "Nilizima mara moja," alisema, akabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo naelewa, na sijawahi kumcheka kwa vidole vile. Lakini kuelewa kwangu hakusafishi turbo, na gari la mwaka 1994 halikuwa na mabawa ya kukwama.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kanuni ya Ushirika ya mwaka 1951 inasema mfanyakazi aliyetimiza miaka thelathini huondoka na gari lake la mwisho, ikiwa gari ni zima na ikiwa mwenyewe analitaka. Oktoba iliyopita meneja wetu, Kent Averill, alikuja gerejini kutimiza kanuni hiyo. Kent ni mtu mwema. Alitoka Phoenix, kwenye joto la jangwa, miaka mitatu iliyopita, ameshajifunza kuvaa soksi mbili, na bado ana mengi ya kujifunza. Alimkuta Delmar akijaza kikombe cha kahawa.

"Delmar, ukistaafu unalitaka gari lako?"

"Aa, hapana," Delmar alisema. "Msijisumbue. Mpeni mwenye shida zaidi."

"Sawa basi," Kent alisema, akaandika.

Mimi nilikuwa chini ya gari namba 4 na nilijigonga kichwa kwenye difu. Kila mtu aliyelelewa kwenye kaunti hii anajua kwamba jibu la kwanza ni hapana. Ukikaribishwa lefse, ule mkate wetu mwembamba wa viazi, husema hapana asante, nimeshiba, hata kama hujala tangu jana. Ukikaribishwa mara ya pili husema usijisumbue. Mara ya tatu husema, haya, kama ni cha kubaki tu, halafu unakula vitano. Ndivyo tulivyoolewa, ndivyo tulivyouziana mashamba. Ardis mwenyewe alikataa kahawa ya mama mkwe wake mara mbili mwaka 1977, ya tatu ikachelewa, akarudi kwao na kiu na kidogo uchumba uvunjike. Kumuuliza Delmar Tweten mara moja ni sawa na kutomuuliza. Lakini Kent alikuwa ameshaandika "amekataa", akapiga mstari chini yake kwa rula.

Novemba suala lilifika kwa halmashauri ya Ushirika. Mjumbe mmoja aliuliza kama kweli Delmar hataki gari, hasa kwa hali ya Ardis. Kent, kwa nia njema kabisa, akafungua faili langu ili kuwaonyesha kwamba hapakuwa na kitu cha kusikitikia. Akasoma ripoti ya arobaini na moja, niliyoiandika Septemba siku ambayo nilikuwa na hasira na njaa: "Injini hii imekufa, ila dereva bado hajaambiwa."

"Fundi mwenyewe ameandika imekufa," Kent alisema.

Walikuwapo wajumbe saba, wote wazaliwa wa hapa, wote wanajua mdomo wangu ulivyo, na wote wanajua hapana ya kwanza maana yake nini. Wote saba walitazama viatu vyao. Kwetu mtu hapingi mkutanoni. Hupinga baadaye kwenye maegesho, akiwa na mlango wa gari mkononi, kwa mtu asiyehusika. Kwa hiyo ikapitishwa kwamba gari liende skrepa na Delmar apewe saa ya ukutani na koti lenye nembo ya Ushirika. Saa mtaiona leo. Ni nzuri, ina picha ya nguzo.

Waliponieleza, nililia, na sitasingizia vitunguu. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nikiandika dhihaka kwenye karatasi za kazi ili nijifurahishe mwenyewe, nikiamini hakuna anayezisoma. Kumbe zilikuwa zinasubiri mtu asiyejua kucheka. Yule mama mwenye figo mbovu alikuwa akipoteza gari kwa sababu mimi ni hodari wa sentensi.

Tangu wiki ya kwanza ya Desemba, kila Jumamosi, na kila Jumapili baada ya ibada, nimekuwa ndani ya namba 7. Wiki ambazo gari lilikuwa limefunguliwa, Delmar na Ardis walikwenda Williston na gari la akiba la Ushirika. Nilinyanyua kabini. Nilitoa silinda hedi zote mbili, nikazipeleka zikasawazishwa, nikaweka gasketi mpya, na mahali pa zile bolti za aibu nikaweka ndefu za chuma kigumu zinazokazwa kwa nati, ambazo hazitasalimu amri mimi nikiwa hai. Kipozea oili ni kipya, na kipozea moshi ni kipya. Turbo imetoka kwenye namba 4, ambalo lilimgonga kulungu likiwa na maili chache. Nozeli zote nane zimepimwa, tatu zimebadilishwa. Betri mbili mpya, maana betri zikidhoofika kwenye gari hili kisanduku kinachoamrisha nozeli huungua. Waya wa hita ya bloku inayopasha injini joto usiku, ule unaoning'inia mbele wa kuchomeka kwenye umeme, ni mpya na ni mrefu wa kufika kwenye baraza ya nyumba ya Tweten. Nilikwenda kupima wao wakiwa Williston.

Jumamosi ya kwanza Delmar alipita, akaona kabini ya gari lake inaning'inia hewani.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Natafuta panya."

Alikuja karibu. Kisha akachukua taa, akanimulikia. Alinimulikia Jumamosi nne, akinipa spana kabla sijaiomba, na hakuuliza hata siku moja gari linatengenezwa la nani. Jumamosi ya nne, tulipoiwasha ikaitika kwa zamu ya kwanza, alisikiliza kwa muda mrefu akiwa ameinamisha kichwa. "Haina mlio wa bati," alisema. Nimefanya kazi na mtu huyu miaka ishirini na minne, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza aliyowahi kunipa.

Jumanne wiki hii mwenyekiti wa halmashauri, Verlyn Sandvik, aliliendesha mpaka kwenye maghala ya ngano na kurudi, kisha akasaini kwamba gari ni zima. Sharti la kwanza la kanuni limetimia. Kuhusu la pili, akanionyesha karatasi ya Kent, yenye mstari wa rula. "Yeye mwenyewe amekataa, Renae," alisema. "Akikubali kabla ya Jumatatu, ni lake. Lakini lazima tulisikie kutoka kwake."

Kwa hiyo juzi jioni nilimwendea Delmar alipokuwa akikabidhi vifaa vyake, nikamwambia, "Gari liko tayari. Lichukue."

Alivua miwani, akaifuta. "Lingemfaa zaidi atakayekuja nyuma yangu."

"Yeye anapewa jipya."

"Basi msijisumbue. Mimi na Ardis tutapata namna."

Nilifunga mdomo, kwa sababu kwetu, kwa jambo zito kama gari, humuulizi mtu mara mbili kwa siku moja. Hiyo ilikuwa ya pili. Nilimwona akilishika gari boneti alipopita, kama mtu anavyomshika farasi.

Jana nilikwenda ofisini nikamweleza Kent haya mambo ya mara tatu. Alinisikiliza akiwa mwekundu mpaka shingoni. "Yaani miaka mitatu," alisema, "kila mtu niliyemkaribisha kwangu chakula alitaka kuja?" Nikamwambia ndiyo, wote. Akauliza kama mtu anaweza kuanza upya. Nikamwambia aanze na Delmar.

Kilichobaki ni shukrani. Ushirika unamshukuru Delmar kwa nguzo alizozisimamisha na kwa simu alizozipokea mezani, kitandani na mara moja katikati ya ubatizo. Unamshukuru Ardis, aliyekula uji baridi, na kumpokea mume baridi, kwa miaka thelathini na miwili akisubiri umeme wa wengine uwake kwanza. Mimi binafsi namshukuru kwa kunipa kazi ya kutosha. Lau angezima injini kama watu wengine, gereji ingehitaji nusu ya fundi.

Jioni hii ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Namba 7 liko nje, mlango wa nyuma wa ukumbi, na mnalisikia linaunguruma. Ni mimi niliyeliacha linaunguruma, na sitaki kusikia neno kutoka kwa yeyote. Delmar, boksi la rejeta utalitoa Pasaka, nami nitakuja kuhakikisha. Alizeti utakula nje ya gari. Kule Williston, saa nne zote ambazo Ardis yuko kwenye mashine, iache iwake, atoke akute kiti kina joto. Kila majira ya kuchipua niletee, nitatoa masizi, na ripoti nitaandika kwa maneno ya kawaida.

Mwenyekiti anayesoma wasifu huu ameombwa anyamaze akifika mwisho wa aya inayofuata. Kent ameombwa aweke kalamu mezani.

Delmar Tweten, mbele ya watu tisini wenye vikombe mkononi, Ushirika unakuuliza kwa mara ya tatu: unalitaka gari lako? Na wewe ukitazama viatu, Ardis, jibu wewe. Tunawatakia nyote wawili Jumatatu njema, na Jumatano, na Ijumaa.